Kamera Iliyopakwa Poda

Kila siku, saa nne asubuhi, fundi Kadowaki huzima taa ya mezani, huvua miwani yake ya kukuzia na kusema, "Haya, tunywe." Mimi huenda nyuma ya duka kuchemsha maji. Chai huipiga mwenyewe, kwa sababu anasema mkono wangu unaliogopa bakuli, na chai ya unga ikipigwa kwa woga haitoi povu. Tunakunywa kimya, kila mmoja na kitamu chake kimoja cha maharage, kisha tunarudi kazini. Hapa Matsue hata mafundi bomba hufanya hivyo, kwa hiyo hakuna mteja anayekuja saa nne.

Asubuhi ile ya Juni nilikuwa nimeshika bakuli kwa mikono miwili, bado sijalifikisha mdomoni, kengele ya mlango ikalia. Bi Tomie aliingia kinyumenyume, akivuta mfuko wa sokoni wenye magurudumu. Mvua ilikuwa imemlowesha mabega. Alikuwa amefunika mfuko kwa mwavuli, yeye mwenyewe akaja hivihivi.

Mumewe, Mwalimu Fukuma, alikuwa amefariki siku kumi na moja kabla. Kwenye mazishi nilikaa mstari wa mwisho, karibu na viatu vilivyovuliwa mlangoni.

Fundi alisimama haraka mpaka goti likamgonga meza. Walikuwa marafiki tangu shule, yeye na Mwalimu. "Shemeji," alisema, "si ungepiga simu, ningekuja mwenyewe."

"Ningepiga simu ungeniambia nisubiri mvua ikatike. Na mvua ya mwezi huu unaijua."

Fundi akampa bakuli lake. Bi Tomie alikunywa chai yote, akasifu povu, akauliza habari za mgongo wa fundi na habari za mama yangu, kisha akaanza kutoa vitu kwenye mfuko na kuvipanga mezani. Maboksi matano. Ndani ya kila boksi kulikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira mara tatu, na ndani ya mfuko kamera, na pembeni ya kamera kipakiti cha dawa ya kunyonya unyevu. Vipakiti vilikuwa vimevimba kama matumbo ya vyura.

"Alipopata kiharusi niliona hatazishika tena," alisema. "Nikazifunga vizuri nikaziweka kabatini, chini ya matandiko. Miaka sita. Hazijapata vumbi hata kidogo."

Fundi alifungua mfuko wa kwanza. Plastiki iliachana na kamera polepole, kwa sauti ya plasta inayobanduliwa kwenye ngozi, na harufu ikatoka, harufu ya tairi kuukuu iliyochanganyika na maziwa yaliyochacha. Kamera ilikuwa inang'aa kana kwamba imemwagiwa sharubati nyeusi. Fundi alipoiweka chini, karatasi ya mezani ikainuka nayo.

Bi Tomie aliangalia vidole vya fundi. Aliviangalia mpaka mfuko wa tano ulipofunguliwa.

Kwetu sisi hilo halikuwa jambo geni. Siku hizi kati ya kamera kumi zinazoletwa dukani, saba au nane zina ugonjwa huo. Miaka ya tisini watengenezaji walizivika kamera ngozi laini ya mpira, nyeusi isiyong'aa, tamu mkononi, na hakuna aliyefikiria kuwa mtu ataitunza kamera miaka thelathini. Unyevu wa hewani huuvunja mpira ule taratibu mpaka ukageuka ulimbo. Fundi hulalamika kwamba alijifunza magia na springi kwa miaka tisa, na sasa uzeeni amekuwa mwosha vyombo.

"Ni mimi?" Bi Tomie aliuliza. "Ni kwa sababu nilizifunga?"

"Ni umri tu, shemeji," fundi alisema. "Hata ungeziacha mezani zingekuwa hivihivi."

Haikuwa kweli. Nilisomea kemia chuo cha ufundi, na najua kinachotokea ndani ya mfuko uliofungwa katika mji kama wetu, dawa ya unyevu inaposhiba maji na kuanza kuyarudisha. Zingekaa mezani, kwenye upepo, mkono wa mtu ukizigusa mara moja moja, zingekuwa na afadhali. Niliangalia chai yangu. Povu lilikuwa limekwisha.

Bi Tomie alituambia anachotaka. Tarehe ishirini na nne Julai ingetimia siku ya arobaini na tisa tangu kifo, siku ya kumuaga marehemu. Baada ya ibada na chakula, angegawa kumbukumbu za marehemu kwa wanaume watano wa kikundi cha picha, kile ambacho Mwalimu alikiongoza kila Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa. Kamera tano, watu watano. Fundi alikwisha kukataa mapema, alisema ana kamera mia nne humu ndani na hazimwachii nafasi ya kulala. Orodha ya majina Bi Tomie aliiandika nyuma ya karatasi ya kalenda, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa karani.

"Sitaki watu wapokee kitu cha Mwalimu," alisema, "halafu waende kunawa mikono."

Fundi aliinamisha kichwa akasema zitakuwa safi. Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Atazifanya Kozue. Mikono yake inaliogopa bakuli, lakini kamera haiziogopi."

Kamera ya nne niliijua kabla haijatoka kwenye mfuko.

Nilijiunga na kikundi cha Mwalimu nikiwa na miaka kumi na sita, msichana peke yangu kati ya wazee, na sikuwa na kamera. Mwalimu aliniazima hiyo. Jumamosi ya kwanza aliiweka mikononi mwangu akasema nisiibane, niishike kama ninavyoshika tofu. Nakumbuka nilivyoshangaa kwamba mashine inaweza kuwa laini namna ile, kama sikio la ng'ombe. Wengine wote walichungulia kwa jicho la kulia. Mimi huchungulia kwa la kushoto, sijui kwa nini, na mtu anayechungulia kwa jicho la kushoto pua yake hulala kwenye mlango wa nyuma wa kamera. Baada ya mwaka mmoja pakatokea doa pale, duara dogo linalong'aa kama sarafu. Niliona aibu sana. Nililifuta kwa leso, nikalipulizia pumzi, halikutoka.

Mwalimu aliwaita wazee wote waje kuliona. "Tazameni," alisema, "Kozue amejiwekea kiti. Pua yake ina kiti chake rasmi katika kikundi hiki." Wakacheka, Bwana Sokabe, mwenyekiti, akacheka kuliko wote, na akasema kiti hicho ni kizuri kuliko cha kwake. Tangu siku hiyo kila nikichelewa Mwalimu aliuliza, "Kiti cha pua bado kitupu?"

Hakuna mahali pengine popote ambapo mtu aliniwekea kiti.

Alipougua nilimrudishia Bi Tomie ile kamera, kwa sababu ya kuazimwa ni ya kurudishwa. Nilisema nitakwenda kumwona hospitalini. Nilifika mara mbili mpaka kwenye ngazi. Niliogopa kwamba hataweza kuongea, na kwamba mimi nami sitaweza, tutabaki tunatazamana. Baadaye alirudishwa nyumbani, na nikawa naogopa geti. Miaka sita ikapita hivyo.

Kwenye orodha, kamera ya nne ilikuwa imeandikwa jina la Bwana Sokabe. Ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote, na yeye ni mwenyekiti.

Nilianza na zile nyingine. Kazi yenyewe ni ya kijinga, mtu yeyote anaweza, inataka subira tu. Unalowesha kitambaa cha fulana kuukuu kwa spiriti, unasugua kwa miduara, na weusi unatoka kama masizi ya taa. Unatupa kitambaa, unachukua kingine. Baada ya saa moja ulimbo unaanza kujikunja vipande vidogo kama taka za kifutio, na hapo ndipo mtu hudhani amemaliza. Kumbe kwenye pembe, kandokando ya vitufe na chini ya mkanda bado upo. Nilichonga vijiti vya mishikaki nikavifunga pamba kwenye ncha. Glavu hazisaidii, zinanata zenyewe. Jioni kucha zangu zilikuwa nyeusi na nilinuka zahanati, na mama akanitengea bakuli langu la supu ya kome mbali na la kwake, akisema kwa utani kwamba asije akalewa.

Fundi ana sheria moja juu ya kazi hiyo. Ukianza, unatoa yote mpaka kwenye plastiki tupu. Ukiacha hata utando mwembamba, unaweza kukauka kwa siku chache na ukampendeza mteja, kisha ukarudia kunata, vibaya zaidi. Na poda haitakiwi dukani kabisa. Wauzaji wa minadani huzipaka kamera za namna hiyo poda ya watoto, zikawa kavu na laini kama mpya, wakaziuza siku hiyohiyo, na mwezi mmoja baadaye mnunuzi anakuta mkononi mwake tope la kijivu. Fundi aliwahi kumfukuza muuzaji mmoja kwa ajili hiyo, na fundi si mtu wa kufukuza watu.

Zile nyingine nne zilitoka safi. Plastiki tupu, ngumu, yenye kung'aa kidogo, kama vyombo vilivyooshwa. Hazikufanana na kamera za Mwalimu, lakini mtu angezishika asinawe mikono.

Ya nne niliiacha ya mwisho. Niliiweka mbele ya taa. Ulimbo ulikuwa umeifunika yote, ila pale kwenye mlango wa nyuma lile duara bado lilionekana, limedidimia kidogo, mpira umelika kuzunguka. Niliinama nikaipima. Pua yangu ingekaa palepale.

Nilimimina spiriti kwenye kitambaa. Nikasimama nacho mpaka kikakauka. Nikamimina tena.

Nilijiambia kwamba nitaanzia upande wa mkono, na nikaanza, nikafuta juujuu tu, wepesi, kiasi cha kuondoa ule ung'avu. Weusi wa chini ulibaki, na duara likabaki. Kesho yake, nikienda kununua pamba, nilinunua na kopo la poda ya watoto, nikalificha ndani ya kitambaa cha chakula changu cha mchana. Fundi alipokwenda posta niliipaka kamera kwa brashi ya kupangusia vumbi, mara tatu, nikaipuliza. Ikawa kavu. Ikawa nyeusi isiyong'aa, laini kama sikio la ng'ombe. Nililia kidogo, kwa sababu ilikuwa kama Jumamosi ile ya kwanza, na kwa sababu nilijua ni ya wiki chache tu.

Nilikuwa nafikiria nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani niliona kwamba ikiwa siwezi kupewa, basi angalau nisiwe mimi wa kujifuta.

Fundi aliporudi aliishika, akaigeuza. Vidole vyake vimekula spiriti miaka arobaini, havihisi kitu chembamba tena, na yeye mwenyewe anajua. "Hii umeweza kuiokoa na ngozi yake," alisema. "Sikujua kwamba inawezekana." Aliiweka karibu na dirisha, peke yake, na siku nzima alikuwa anaitupia jicho. Hakuwahi kunisifu namna ile. Ningeweza kusema wakati ule. Nilikwenda nyuma kuchemsha maji, na haikuwa saa nne.

Bi Tomie alikuja kuzichukua siku tatu kabla ya ibada. Alizishika moja moja kwa viganja vyote viwili, akazipitishia vidole, akavinusa vidole. Ya nne aliishika muda mrefu zaidi.

"Hii ndiyo uliyokuwa unaibeba wewe," alisema.

Nikasema ndiyo.

Aliifungia kwenye kitambaa cha kubebea, kisha akanitazama. "Kozue, hakuna hata moja unayoipenda? Orodha nimeiandika mwenyewe, naweza kuifuta mwenyewe."

Nikasema hapana, jamani, mimi ni nani hata nipokee kitu cha Mwalimu.

"Kweli?"

Nikasema kweli, na asante sana, nimefurahi hata kuzisafisha.

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikupa unakataa, akirudia unakataa tena, akirudia mara ya tatu unainamisha kichwa na kupokea kwa mikono miwili. Kupokea mapema ni njaa, na mimi tangu utotoni nimeogopa kuliko kitu chochote kuonekana nina njaa. Nilisimama pale, kichwa kimekwisha kuinama, nikisubiri mara ya tatu. Nje dereva wa teksi akapiga honi. Bi Tomie akashtuka, akasema lo, mita inahesabu, akaniinamia, akamwinamia fundi, akaondoka.

Siku ya arobaini na tisa ilikuwa na joto la kuchemsha. Mimi sikualikwa, na haikuwa haki yangu kualikwa. Fundi alirudi jioni akanisimulia akiwa anafungua tai. Bi Tomie alizigawa kamera baada ya chakula, kila moja imevingirishwa karatasi nyeupe nyembamba ya kuandikia kwa brashi, bila utepe wala pambo, kama inavyotakiwa. Wazee walipokea wakiwa wamepiga magoti. Bwana Sokabe alifungua ya kwake kidogo tu kwenye kona, akasema ni heshima kubwa mno, akaifunga tena. Nilimuuliza fundi kama karatasi ile ilikuwa inagusa kamera moja kwa moja. Akaniangalia kwa mshangao. "Ulitaka iguse nini?"

Nilianza kuhesabu. Poda ingedumu wiki tatu, pengine nne kama kuna kiyoyozi. Agosti hapa kwetu ukuta wenyewe hutoka jasho. Karatasi ile ni ya nyuzi ndefu, inakunywa kila kitu. Mpira ukianza kulainika ungeikamata karatasi, na karatasi ingezama ndani yake, mpaka isingewezekana kujua kipi ni kipi. Niliona picha hiyo kila nilipofumba macho.

Dawa ilikuwa rahisi. Kwenda kwa Bwana Sokabe, kumwambia kwamba duka linafanya ukaguzi wa bure, kuiomba kamera kwa siku moja, kuisafisha yote mpaka kwenye plastiki, kiti cha pua na vyote, na kuirudisha. Angebaki na kitu safi. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mkewe alikuwa anaanika nguo, nikapita kama mtu anayekwenda dukani. Mara ya pili nilifika kwenye kitufe cha kengele, nikakiangalia, nikasoma jina lililoandikwa juu yake mara nyingi. Mara ya tatu nilisikia kicheko cha Bwana Sokabe ndani, kilekile cha siku ya kiti, nikashuka mteremko karibu nikikimbia. Njiani nilinunua aiskrimu ili nionekane nina sababu ya kuwa mtaa ule. Iliyeyuka yote mkononi.

Agosti ikaisha. Nikaanza kujidanganya kwamba labda nyumba yao ni kavu.

Jumatano ya pili ya Septemba, saa nne, fundi alizima taa, akavua miwani, akasema, "Haya, tunywe." Nilileta maji. Alikuwa amepiga bakuli la kwanza na kulisukuma upande wangu, kengele ikalia. Bi Tomie alikuwa na boksi la vitamu vya duka lile la karibu na daraja, limefungwa kwa karatasi ya duka, na alipoliweka mezani alilisukuma kwa mikono miwili na kuinama mpaka paji la uso likakaribia mbao.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Kazi yenu imepotea, na ni kosa langu."

Fundi alimwinua, akamkalisha. Bi Tomie alikuwa bado na glavu za kazi mfukoni, zile nyeupe za pamba. Alitusimulia taratibu, kama mtu anayesoma ripoti.

Wiki hiyo ilikuwa zamu yake kwenye kituo cha takataka cha mtaa wao, na Jumatano hiyo ilikuwa siku ya taka zisizochomeka. Alifika saa kumi na mbili na nusu na ufagio. Watu wakaja mmoja mmoja. Bwana Sokabe alikuja mwenyewe na mfuko wake, akamwamkia, wakazungumza kidogo kuhusu joto, akauweka mfuko na kwenda zake. Mfuko ni wa kuonyesha kilichomo, kama ilivyo sheria ya mtaa, na jina limeandikwa kwa kalamu nene. Ndani mlikuwa na mwavuli uliovunjika, mfuniko wa jiko la wali, na kamera. Lenzi ilikuwa imetolewa. Karatasi nyeupe ilikuwa imegandamana na kamera pande zote, imelowa weusi, kama ngozi ya mtu aliyeungua.

"Nilifikiri nitaitoa," alisema. "Lakini nilikuwa zamu. Mtu wa zamu akifungua mfuko wa mtu, na mfuko una jina, ni kumvua nguo barabarani. Na angejua kwamba nimeona. Angeishije mtaani na mimi?" Alizigusa glavu mfukoni. "Kwa hiyo niliufunika kwa wavu wa kuzuia kunguru. Niliunyoosha wavu vizuri. Gari lilikuja saa mbili na nusu."

Fundi alilisogeza boksi la vitamu kando.

"Ni ile karatasi yangu. Nilitaka iwe nzuri. Kwanza nilizifunga kwenye plastiki, nikaziharibu, wewe ukaniambia ni umri, na mimi najua ulinionea huruma tu. Nikafunga tena kwa karatasi. Kila ninachokifunga vizuri kinaoza." Alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa na hewa. "Hata yeye nilimfunga vizuri. Miaka sita sikumwacha apigwe na upepo. Sikuruhusu watu waje, nilisema atachoka. Labda hata yeye alikuwa anataka tu mtu aje amshike."

"Ni hewa ya mwaka huu, shemeji," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka huu kila kitu kinanata. Hata kamera zangu mwenyewe." Alisukuma bakuli kwake. "Kunywa kwanza."

Bi Tomie alilishika bakuli, akalizungusha kidogo kama inavyotakiwa, lakini hakulinyanyua. Nilimwona akikubali. Nilimwona akiipokea hewa ya mwaka huu kama alivyoupokea umri, kwa adabu, bila kuamini, na akibaki na kosa lake mikononi. Angekwenda nalo nyumbani. Angelala nalo chini ya yale matandiko.

Nilikuwa nimesimama kwenye pazia la nyuma na birika. Maji yalikuwa yamechemka. Nililiweka birika chini sakafuni, na sauti ya chuma kwenye saruji ikawafanya wote wawili wageuke.

"Si karatasi," nikasema.

Fundi alinitazama mimi, kisha akalitazama dirisha, mahali alipokuwa ameiweka ile kamera peke yake siku nzima. Nadhani alielewa kabla sijafungua mdomo tena. Uso wake ukazeeka mbele yangu.

"Sikuisafisha. Zile nne nilizisafisha, hiyo niliipaka poda. Nilijua itarudia. Nilikwenda mpaka kwenye kengele ya Bwana Sokabe, sikubonyeza."

"Poda," fundi alisema. Hilo tu.

Bi Tomie alikuwa hajaelewa. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anavyomuuliza mtoto aliyevunja kikombe, kwa nini nilifanya hivyo, kama labda nilichoka, kazi ilikuwa nyingi. Alikuwa ananitafutia sababu. Hata hapo alikuwa ananifungia kitu kwenye karatasi nyeupe, na ningeweza kukubali, ningeweza kusema ndiyo, nilichoka.

Nikainamisha kichwa, nikakinyanyua tena, kwa sababu nilitaka safari hii anione ninaposema.

"Niliitaka mimi, mama," nikasema. "Uliponiuliza mara ya kwanza, niliitaka."